Gari Linachemsha Lini?
Hotuba kwa madereva, makonda na mafundi, Morogoro

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Nawashukuru viongozi wa stendi kwa kutupa kivuli hiki, na nawashukuru zaidi ninyi mlioacha zamu ili tukae pamoja. Dereva wa hesabu, anayempelekea bosi fedha yake kila siku, akikaa saa moja bila kupakia, ile saa ameitoa mfukoni. Naomba iwarudie.

Nimekuja na swali moja, na nitalirudia mpaka mlizoee. Gari likichemsha, wengi wetu tunakimbilia kuuliza: kimekufa nini? Nawaomba tuanze na swali lingine: linachemsha lini? Linachemsha likiwa foleni Kimara, au likiwa linapanda Kitonga na abiria wamejaa? Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, au baada ya safari ndefu? Maji yanapungua au hayapungui? Na yakipungua, chini ya gari kuna unyevu au ni pakavu?

Dereva mwenye majibu hayo amemfanyia fundi nusu ya kazi. Anayefika gereji na kusema tu "fundi, inachemsha" anamwacha fundi abahatishe, na fundi siye anayelipa gharama ya kubahatisha. Leo inabadilishwa rejeta, kesho pampu ya maji, keshokutwa thamostati inatupwa, na mwisho wa mwezi hedi, ile sehemu ya juu ya injini, imeshushwa na bosi hataki kusikia habari. Nimeona familia nyingi zikikosa ada ya shule kwa njia hiyo, ilhali kilichokuwa kimeharibika ni fyuzi ya feni.

Tuelewane kwanza joto lenyewe linakwenda wapi. Mafuta yakiungua ndani ya silinda, takriban theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inasukuma gari. Nyingine inatoka na moshi. Inayobaki, nayo inakaribia theluthi, lazima ibebwe na maji. Pampu inayasukuma maji yapite kwenye bloku na hedi, yanabeba joto, yanatoka kwa mpira wa juu kuingia rejeta, upepo unayapoza, yanarudi injini kwa mpira wa chini. Basi maji yawepo, yazunguke, yapate upepo, na yabanwe kwa presha. Moja likikosekana, mshale wa joto unapanda.

Hilo la presha ndilo linalosahaulika, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mkienda kwenye magari yenu tazameni juu ya mfuniko wa rejeta. Wengi mtaona 0.9 au 1.1. Ile namba inawaambia mfuniko unabana maji kwa presha kiasi gani kabla ya kuyaachia yaende kwenye tangi la akiba. Maji yaliyo wazi pale ufukweni Dar es Salaam yanachemka yakifika nyuzi 100. Hapa Morogoro, mita kama 500 juu ya bahari, yanachemka karibu nyuzi 98. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500, yanachemka yakifika 95 hivi. Injini nyingi zenyewe zinafanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100. Mnaona hatari ilipo? Ni presha ya mfuniko inayoyazuia maji yasichemke. Mfuniko wa 0.9 ukiwa mzima, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120 kwa usawa wa bahari, na huku juu bado kuna nafasi ya kutosha. Raba yake ikikatika, ile nafasi yote imepotea.

Ndiyo maana lipo gari linalozunguka Dar es Salaam wiki nzima bila tatizo, likifika juu ya Kitonga linatapika maji, na dereva anaapa kwamba injini imekufa. Injini ni nzima. Kilichokufa ni kiraba chini ya mfuniko. Mfuniko una kazi ya pili pia: gari likipoa, unayaruhusu maji yarudi kutoka kwenye tangi la akiba. Asubuhi ukikuta mpira wa juu umebonyea kama umenyonywa, jua maji hayarudi, na mfuniko ndio wa kwanza kushukiwa. Nunua wenye namba ileile ya gari lako. Mwenye 0.9 asiweke wa 1.1 kwa kudhani anaongeza nguvu. Atapasua rejeta au mipira iliyochoka.

Sasa turudi kwenye lini.

Gari linachemsha likiwa limesimama au linatambaa kwenye foleni, na likipata barabara mshale unashuka. Hapo umeshajibiwa. Likiwa mwendoni upepo wa barabara unapoza rejeta. Likisimama, feni peke yake ndiyo inaleta upepo. Feni haifanyi kazi yake. Kwa gari dogo lenye feni ya umeme, washa kiyoyozi gari likiwa limesimama: kwa magari mengi feni inatakiwa izunguke muda mfupi baada ya hapo. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini haizunguki injini inapopata joto, mota ni nzima na mashaka yako kwenye sensa ya joto au waya zake. Isipozunguka kabisa, anza na fyuzi na rilei kabla hujanunua mota. Na tafadhali, mikono mbali: feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Kwa Hiace za dizeli na magari yenye feni inayozungushwa na injini, katikati ya feni kuna klachi yenye mafuta mazito. Injini ikiwa ya moto, izime, chomoa ufunguo, kisha zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikupe uzito. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko mingi, ile klachi imekufa, na hakuna rejeta mpya itakayokusaidia.

Mafundi wenzangu, hapa nina neno nanyi. Tumezoea kuunga feni dairekti, izunguke tangu ufunguo unapowashwa. Mteja anaondoka anafurahi kwa sababu mshale umeshuka. Lakini sensa mbovu imebaki mlemle, mota inazunguka mchana na usiku mpaka inachoka, na siku inapokufa haitoi taarifa. Mteja amepewa bomu. Ukilazimika kuunga dairekti ili gari lifike nyumbani, mwambie mteja wazi, na mwandikie kwenye risiti kwamba arudi kubadilishiwa sensa.

Kundi la pili ni kinyume chake. Foleni halisumbui, lakini likikimbia au likipanda mlima na mzigo linapanda joto. Hapo upepo upo, shida ni maji: hayapiti ya kutosha, au rejeta haitoi joto. Anza nje. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, na katikati ya hizo mbili ndiko kunakojaa vumbi, mbegu za majani, wadudu na tope la masika. Ukitazama kwa mbele huoni kitu. Chungulia kwa juu na tochi. Kusafisha ni kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa ya kuoshea magari inalaza mapezi na kuiziba rejeta kwa namna nyingine.

Ukimaliza nje, ingia ndani. Rejeta iliyojaa kutu na chumvi ina sehemu za moto na sehemu za baridi. Fundi mwenye kipimajoto cha kulenga anaiona kwa dakika moja, na siku hizi vipimo hivyo si ghali. Kisha tazama mkanda: ukilegea au ukiteleza, pampu inapunguza kasi wakati ule unapoihitaji zaidi. Kisha pampu yenyewe, maana mapanga yake ya chuma yanaliwa na kutu mpaka yanabaki vijiti, na kwa nje haivuji hata tone. Usisahau mpira wa chini: ukichoka, injini ikipandishwa mzunguko unanyonywa na kubanana. Mwenzio akanyage mafuta, wewe uutazame.

Kundi la tatu ni gari linalochemsha mapema, halijafika hata Msamvu. Mpira wa juu na rejeta ni baridi, injini inaungua. Hiyo mara nyingi ni thamostati imeganda ikiwa imefunga. Na hapa ndipo ninapotaka tuzungumze kwa uchungu, kwa sababu kifaa hiki tunakionea.

Thamostati inaenea kiganjani. Ndani yake kuna nta. Ikipata joto inatanuka na kusukuma mlango. Nyingi za Toyota zinaanza kufunguka zikifika nyuzi 82 hivi, na zikikaribia 95 zimefunguka vizuri. Namba imechongwa juu yake, isomeni. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu kwa njia ya mkato ili ipate joto haraka.

Fundi gani hajawahi kusikia maneno haya: "Huku kwetu joto, thamostati ni ya Ulaya, itoe"? Yameenea kuliko ukweli wake. Katika injini nyingi, zikiwemo dizeli tunazozitumia kwa kazi ngumu, thamostati ina kisahani cha pili upande wa chini. Mlango wa kwenda rejeta unapofunguka, kisahani hicho kinaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kupita rejeta kabisa. Unapanda mlima na mzigo, injini inapika maji yaleyale. Umeitoa ili gari lisichemshe, na sasa ndiyo sababu ya kuchemsha.

Hata kwa injini isiyo na kisahani hicho, hasara ipo. Gari la petroli lisilofikia joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta mengi. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Silinda zinalika upesi. Na kubwa zaidi, kama rejeta ilikuwa imeanza kuziba, umeifunika habari hiyo kwa miezi michache, na itakuja kujitokeza mahali pabaya, usiku, katikati ya mbuga ya Mikumi.

Kuipima ni kazi ya sufuria. Ining'inize kwa uzi ndani ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Tazama inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi, na maji yakikaribia 95 iwe imefunguka milimita 8 hadi 10. Ikishindwa, nunua nyingine yenye namba ileile. Hakuna sababu ya kubishana wakati jiko lipo.

Linabaki gari linalomaliza maji na halivuji popote. Hili liogopeni. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Tazama bomba la moshi: moshi mweupe usiokwisha hata injini ikiwa imepata joto, maji yanaungua ndani ya silinda. Na kipimo ambacho dereva yeyote anaweza kukifanya asubuhi, injini ikiwa imelala: washa, shika mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja, na maji bado ni baridi kabisa, ile presha haikuletwa na joto. Ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi imeungua, au hedi imepinda au kupasuka. Gereji nzuri zina dawa ya rangi ya buluu inayobadilika rangi ikikutana na moshi huo. Dai kipimo hicho kabla hujakubali hedi ishushwe. Na ikishushwa, dai ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Injini nyingi ndogo za aluminiamu haziruhusu kupinda zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1. Jicho halioni hicho kitu. Fundi anayeweka gasketi mpya juu ya hedi ambayo haikupimwa anakuuzia safari ya kurudi kwake. Wenye Prado na Surf za injini ya 1KZ wanajua ninachosema, hedi ile ikichemshwa inapasuka.

Nizungumze na dereva aliye barabarani, maana pale ndipo hasara inapotengenezwa. Mshale wa magari mengi ya siku hizi umewekwa ubaki katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo. Ukiuona umeanza kuondoka katikati, tayari ni jambo kubwa. Vitz na Passo nyingi hazina mshale kabisa: taa ya buluu ni injini baridi, taa nyekundu ni simama sasa hivi, hata kama umebakiza nusu kilomita. Na mshale uliokuwa juu ukidondoka ghafla mpaka baridi, usishangilie. Huenda maji yameisha na sensa haina cha kupima.

Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi. Washa hita mpaka mwisho na feni yake kwa nguvu zote, abiria wafungue madirisha. Watalalamika, waambie hita ni rejeta ndogo, inatoa joto nje ya injini. Punguza mguu, badili gia, tafuta pa kuegesha. Mshale ukigoma kushuka, au ukiona mvuke, simama, zima injini, shusha abiria, weka pembetatu.

Halafu usifungue mfuniko. Makonda wangu, nawatazama ninyi, kwa sababu ninyi ndio mnaotumwa. Maji yaliyobanwa mle yanaweza kuwa na nyuzi 110. Mfuniko ukilegea presha inatoka, yote yanachemka kwa mara moja na kuruka usoni. Dereva, usimtume kijana wa watu kufanya ambacho wewe unakiogopa. Fungua boneti, subiri nusu saa au zaidi, gusa mpira wa juu kwa kitambaa; ukiwa bado mgumu, endelea kusubiri. Na mtu akiungua, mahali pake ni kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, mafuta na yai visiguse jeraha.

Wapo watoto wanaouza maji ya madumu kando ya milima yetu, na abiria wana haraka. Ukiyamimina maji baridi kwenye hedi ya aluminiamu iliyoungua, unaipindisha au kuipasua palepale. Abiria wakikusukuma, waombe radhi, watafutie gari jingine, warudishie nauli ya njia iliyobaki. Hiyo nauli ni ndogo mno ukilinganisha na injini.

Injini ikishapoa, jaza taratibu, gari likiwa limeinua pua ikiwezekana, hita ikiwa wazi, ili hewa itoke. Hewa iliyonasa ndani inafanya gari lichemshe tena hata rejeta ikiwa imejaa.

Kuhusu maji yenyewe nitasema machache. Maji ya visima vyetu vingi, hasa vya pwani, yana chumvi, na chumvi inakula aluminiamu. Kulanti, yaani dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyoondolewa chumvi kama yale ya betri, isipokuwa ile iliyochanganywa tayari kiwandani. Ile ya waridi ya Toyota ya maisha marefu inabadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Usichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi. Na maji ya rangi yanayouzwa kwa bei ya soda, jiulizeni ndani kuna nini. Jambo ambalo akina mama waliopo hapa walishike: kulanti nyingi ina ladha tamu na ni sumu inayoua. Isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Mzee aliyekaa pale mbele ameniuliza kuhusu binzari na yai kwenye rejeta inayovuja. Mzee wangu, nakuheshimu, na najua vimewahi kukufikisha. Lakini kinachoziba tundu la rejeta kinaziba pia vijia vyembamba vya rejeta na vya hita. Kama umekwama porini na huna njia, legeza mfuniko hatua ya kwanza injini ikiwa imepoa ili presha isisukume maji nje, endesha polepole, simama mara kwa mara ukijaza, na ukifika ipelekwe kwa mchomeaji. Binzari irudi jikoni.

Na kijana wa Noah aliyeuliza kama oili inahusika: inahusika sana. Oili ikipungua, msuguano unaongezeka na joto nalo. Breki zinazokamata na ekzosi iliyoziba navyo vinaifanya injini itoe jasho bila sababu. Ukishaona upande wa maji uko sawa wote, tazama huko.

Sasa jiko limewashwa pale, sufuria ina maji, na nina thamostati tatu: mpya, iliyochoka, na iliyoganda. Waliokuja na magari yaliyopoa tangu asubuhi walete mifuniko yao, kifaa cha kuipima presha kipo mezani. Walioingia sasa hivi kutoka Dar es Salaam wafungue boneti tu, mifuniko wasiiguse, zamu yao itakuja baada ya chai.